Diski Zetu Halali na Deki Inayozikataa

Mwanzoni mwa muhula uliopita idara yetu ilipokea sanduku kutoka Marekani. Lilitumwa na mwenzetu aliyefundisha huko kwa miaka mingi, ambaye alipostaafu aliona ni afadhali filamu zake zije kutazamwa na vijana wa huku kuliko kuachwa zipigwe vumbi nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na DVD 42. Zote zilikuwa halisi, zilizonunuliwa dukani kwa fedha yake, kila moja na jalada lake na kijitabu chake. Nilizipitia moja moja. Nilipofikia La Noire de... ya Ousmane Sembène nilisita, kwa sababu wiki tatu baadaye nilikuwa na semina juu ya wanawake wanaokwenda kufanya kazi za ndani ughaibuni, na sikuijua filamu ifaayo zaidi ya hiyo.

Kwa wasioijua, ni filamu ya mwaka 1966, yenye urefu wa saa moja hivi. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes. Yeye anadhani anakwenda kulea watoto na kuuona ulimwengu. Anachokiona ni jiko, bafu na sakafu. Hana mtu wa kusema naye, na mwisho anajitoa uhai. Mtu mwenye dada au shangazi aliyekwenda Maskati au Dubai kwa kazi ya namna hiyo hahitaji mhadhiri wa kumfafanulia filamu hii inamhusu nani. Na katika darasa langu la wanafunzi 31, watu wa aina hiyo wapo.

Siku ya semina niliitia diski katika deki ya idara. Deki ikaimeza, ikanguruma kidogo, kisha ikaandika kwenye kioo cha runinga kwamba kanda ya diski si sahihi. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Jibu likawa lile lile. Nikajaribu Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty. Nikajaribu ya tatu. Mwanafunzi mmoja aliyeketi mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, labda ni feki?" Nikamjibu kwamba hapana, tatizo lenyewe ni kuwa si feki. Siku ile nililazimika kuisimulia filamu nzima kwa mdomo, nikipandisha na kushusha sauti mithili ya DJ Afro, ila bila kipaji chake.

Tangu hapo idara imekuwa na hoja mezani: tununue deki isiyobagua kanda, au tusinunue? Nilitakiwa niandike nusu ukurasa wa maelezo. Nusu ukurasa haukutosha, na yaliyozidi ndiyo haya ninayowaletea hapa, kwa kuwa naona swali hili linawahusu pia wengine wenye kabati la diski na deki inayozitazama kwa jicho la uadui.

Kwa muda mrefu nilidhani, na nadhani wengi wenu mlidhani, kwamba DVD ni DVD. Sivyo. Diski hizi zilipoanza kuuzwa, Japani mwishoni mwa mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, makampuni makubwa ya filamu yalikubali kutia kazi zao humo kwa sharti kwamba dunia igawanywe. Marekani na Kanada zikawa kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani na Mashariki ya Kati zikawa kanda ya 2. Kusini-mashariki mwa Asia na Korea Kusini zikawa ya 3; Australia, Nyuzilandi na Amerika ya Kilatini ya 4; China ikapewa ya 6 peke yake. Hata ndege na meli za abiria zilipewa namba yake, ya 8. Sisi tuliwekwa katika kanda ya 5, pamoja na India, Pakistani, Urusi, Mongolia na Korea Kaskazini. Afrika haikuwekwa yote humo: Misri, Afrika Kusini, Lesotho na Swaziland, ambayo leo huitwa Eswatini, zilipandishwa kanda ya 2. Kwa mujibu wa ramani hiyo deki ya Johannesburg ni ndugu wa deki ya London, na deki ya Dar es Salaam ndugu yake yuko Pyongyang.

Deki inayouzwa katika kanda fulani hupewa namba ya kanda hiyo, na diski vivyo hivyo. Namba zisipolingana, deki hukataa. Naomba msomaji alitafakari hili, maana ndilo lililonikera kuliko yote. Picha imo ndani ya diski. Taa ya leza inaweza kuisoma bila shida yoyote. Kinachokosekana ni ruhusa tu. Na ruhusa hiyo haikutungiwa sheria na bunge lolote. Filamu nyingi zimefungwa kwa maandishi ya siri, na mtengenezaji wa deki hapewi ufunguo wake mpaka atie saini leseni. Leseni ndiyo inayomtaka aheshimu namba za kanda. Ni mkataba baina ya makampuni na makampuni, ambao mnunuzi hakuusoma, hakuusaini, na hata hakuambiwa upo.

Mwanafunzi wangu mmoja, katika insha aliyoiandika baada ya siku ile, aliufananisha mgawanyo huu na Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885. Nilimpa alama nzuri, lakini pembeni niliandika kwamba sikubaliani naye. Berlin walitugawana kwa sababu walitutaka: ardhi, pembe, mpira, na nguvu za mikono yetu. Walioichora kanda ya 5 hawakututaka. Waliwakusanya pamoja watu ambao waliwadhani hawana fedha ya kununua, wakawapa namba, wakaendelea na shughuli zao. Miaka yote niliyoishi Dar es Salaam sijapata kuona rafu ya duka iliyojaa DVD halisi za Hollywood zenye alama ya kanda ya 5. Deki zilitufikia, diski halisi za kuzilisha hazikutufuata.

Wenye filamu walikuwa na sababu zao, na haki ni kuzitaja. Ya kwanza ni ratiba ya majumba ya sinema. Zamani filamu ilikuwa reli nzito za plastiki, na nakala zilizokwisha kuonyeshwa Marekani ndizo zilizosafirishwa kwenda nchi nyingine miezi kadhaa baadaye. Diski ya Marekani ingefika Paris kabla ya filamu yenyewe kufika kwenye sinema za Paris, basi nani angenunua tiketi? Ya pili ni bei: muuzaji anayetaka kuuza rahisi Mumbai na ghali New York lazima azuie bidhaa ya Mumbai isirudi New York. Sababu hizi zina mantiki ya biashara, nami sizibezi. Lakini ya kwanza imekufa, kwani siku hizi filamu kubwa hufunguliwa dunia nzima ndani ya wiki moja. Na ya pili ingekuwa na uzito kwetu kama hiyo bei nafuu ingalitufikia. Wenye biashara wenyewe wamelegeza kamba. Diski za Blu-ray zilipokuja, kanda zilipunguzwa zikawa tatu, na Afrika ikahamishiwa kundi moja na Ulaya. Zilipokuja Blu-ray za 4K, kanda zikaachwa kabisa. Lile kufuli la DVD ndilo lililobaki, likilinda soko ambalo aliyeliweka ameshalihama.

Sasa tazama nani anaumia. Diski ya magendo, ile inayoandikwa jina kwa kalamu na kuuzwa kandokando ya barabara ndani ya mfuko wa nailoni, haina kanda. Aliyeinakili alikwisha kuivua kufuli zake zote, maana naye anataka iuzike kila mahali. Itacheza kwenye deki ya Dar es Salaam, ya Lubumbashi, ya Maskati. Diski aliyoilipia mwenzetu kule Marekani, ambayo sehemu ya bei yake ilimfikia mwenye haki, ndiyo inayogoma. Tukiwahubiria vijana kuhusu hakimiliki, nasi twapaswa kuwahubiria, tuwe na jibu la swali hili, kwa sababu watauliza. Wangu waliuliza.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria mpaka nilipolitazama kabati la nyumbani. Zile filamu za Kihindi ambazo mama watoto amezihifadhi, nyingi ni halisi, na karibu zote zina alama ya kuruhusu kanda zote. Wauzaji wa Mumbai walijua wateja wao wako Durban, Leicester, Dubai na Kariakoo, na hawakuona faida ya kuwafungia mlango. Wanaijeria nao walitufikia kwa VCD, aina ya diski ambayo tangu kuumbwa kwake haina kanda hata moja. Filamu zetu za Bongo zilifuata njia hiyo hiyo. Viwanda vya filamu vilivyoingia sebuleni mwetu ni vile ambavyo havikutuwekea kufuli. Hollywood iliingia pia, bila shaka, lakini iliingilia dirishani, kwa nakala za magendo na sauti za wasimulizi wa mabanda ya video.

Wazanzibari wana kisa chao. Mwanafunzi wangu mmoja wa Unguja alinieleza kwamba deki ya nyumbani kwao ililetwa na shangazi yake kutoka Maskati. Umeme wa Omani na wetu unaelewana, mfumo wa picha ni mmoja, hivyo deki ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Lakini Omani ni kanda ya 2. Kwa hiyo nyumba moja ya Unguja, yenye nusu ya ukoo ng'ambo ile ya bahari na nusu ng'ambo hii, inatakiwa na makampuni ya California kuamua iko upande gani. Watu waliosafiri na kaskazi na kusi kwa karne nyingi, wakipeleka na kurudisha karafuu, tende, harusi na misiba, wameambiwa na deki kwamba wao ni kanda mbili.

Na asidhani mtu kwamba haya huwapata wanyonge peke yao. Machi 2009, Rais Obama alimzawadia Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, DVD 25 za filamu mashuhuri za Marekani. Muda mfupi baadaye magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba zilikuwa za kanda ya 1, na kwamba hazikukubali kucheza London.

Kwenye kikao cha idara mwenzangu mmoja kijana alisema hatuhitaji deki, tutumie kompyuta. Ni wazo zuri, na mimi ndiye wa mwisho kulipinga, kwa sababu mimi ndiye niliyeiharibu kompyuta ya idara. Kisomea-diski cha kompyuta nacho kina kanda. Vile vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000 humruhusu mwenye kompyuta kubadili kanda mara 5 tu. Baada ya hapo kanda aliyoichagua mwisho hubaki milele. Kila mara mashine hukuonya na kukuhesabia. Tulikuwa tumeitumia nafasi mbili kabla yangu. Mimi nikaihamishia kanda ya 1 ili niijaribu diski ya Sembène, nikairudisha kwenye ya 5 kwa ajili ya mwenzangu, kisha nikaipeleka tena ya 1 bila kusoma onyo. Ilikuwa ya tano. Kompyuta ile sasa ni raia wa Marekani. Zipo programu za bure, kama VLC, ambazo huzipuuza kanda kabisa, nami nawashauri wenye kompyuta wazijaribu kwanza kabla ya kutoa hata senti moja. Lakini visomea-diski vingine hukataa kutoka ndani kabisa, programu isiweze kuvishawishi. Isitoshe, kompyuta mpya za mkononi haziji tena na tundu la diski.

Mwingine akasema: intaneti. Kila kitu kiko huko. Nilimwomba aitafute La Noire de... hapo hapo, kwa simu yake na bando lake. Hakuipata kwenye huduma anayoilipia. Netflix ilipofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Januari 2016, sisi tukiwamo, tuliambiwa mipaka imekwisha. Lakini orodha ya filamu anayoonyeshwa mtu wa Dar es Salaam si ile anayoonyeshwa mtu wa Boston. Kanda ziko pale pale, ila haziandikwi tena nyuma ya jalada. Filamu iliyokuwapo mwezi uliopita huondolewa mwezi huu bila taarifa, na mhadhiri aliyeiweka katika mtaala wake hubaki ameduwaa. Diski haifanyi hivyo. Diski ni mali. Naweza kuiazima, kuirithisha, kuiweka maktaba ikasubiri miaka kumi mwanafunzi atakayeihitaji. Na wanafunzi 31 wakiitazama pamoja, hakuna anayekatwa bando.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, hasa wanaoandaa miswada, nina neno la kisheria. Kule Norway, kijana Jon Lech Johansen alishtakiwa kwa kushiriki kuunda programu iliyofungua kufuli la DVD mwaka 1999. Mahakama ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufani ikafanya hivyo tena Desemba mwaka huo huo. Aliyenunua diski kihalali, waliona, ana haki ya kuitazama hata kwa njia ambayo mwenye filamu hakuikusudia. Australia ilikwenda mbali zaidi. Ilipoirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2006 ili ikidhi mkataba wa biashara na Marekani, iliweka wazi kwamba kufuli ambalo kazi yake ni kugawa masoko kijiografia, likazuia diski halali iliyonunuliwa nje isichezwe nchini, halipewi ulinzi wa sheria. Angalieni ustadi wake: waliwalinda wenye filamu dhidi ya wizi, wakakataa kuwalindia ramani yao. Nasi tunapopitia sheria zetu za hakimiliki, kwa msukumo wa mikataba ya kimataifa, kifungu cha namna hiyo kingegharimu sentensi moja.

Basi nikaenda Kariakoo. Nilibeba diski tatu za sanduku lile katika mfuko, na hilo ndilo shauri langu la kwanza kwa yeyote anayefikiria kununua: asiende mikono mitupu. Kila muuzaji atamwambia deki yake inacheza kila kitu. "Mzee, hii inakula zote, hata sahani ukiitia inacheza," aliniambia wa kwanza. Nikampa Diouana. Haikumla. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu, kijana mtaratibu mwenye duka dogo la ghorofani, aliitazama diski nyuma, akaiona ile alama ya tufe yenye namba 1 ndani yake, akanyamaza kidogo, akachukua rimoti. Aliingia katika ukurasa uliofichwa wa deki, akabadilisha namba, na picha ikatokea: meli ikiingia bandarini, nyeupe na nyeusi. Nilipomuuliza kama ni deki maalumu alicheka. Deki nyingi za bei nafuu zinazotoka China, alisema, hutengenezwa kwa kiwanda kimoja kwa ajili ya masoko yote, na kanda hupangwa mwishoni tu. Nyingine huja zikiwa wazi kabisa, na nyingine zinahitaji tarakimu chache za rimoti. Aina maarufu na za ghali ndizo ngumu.

Maana yake ni kwamba swali la kununua au kutonunua lina swali lililolitangulia: je, uliyonayo haifunguki? Nilirudi kuijaribu deki ya idara. Haikufunguka, maana rimoti yake halisi ilikwisha kupotea, na ile ya mchina-mchina tuliyoinunua badala yake haina vitufe vyote. Lakini wawili kati ya wenzangu walizifungua za kwao nyumbani kwa dakika tano, bila gharama.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo yule kijana alinionyesha na ambayo nusura niyapuuze. La kwanza ni mfumo wa picha. Sisi tulirithi mfumo wa PAL, wenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani ni NTSC, mistari 480 na picha karibu 30. Deki inaweza kuikubali kanda na bado runinga ya zamani, ile ya mgongo mnene, ikaonyesha picha isiyo na rangi inayopanda na kushuka. Runinga bapa za siku hizi kwa kawaida huikubali mifumo yote miwili. Ya zamani huhitaji deki yenye uwezo wa kubadili NTSC kuwa PAL. La pili ni umeme. Msiagize deki Marekani kwa sababu tu imeandikwa haibagui kanda: kama nyuma yake imeandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa 230 utaichoma siku ya kwanza. Tafuteni iliyoandikwa 100 hadi 240. La tatu, baadhi ya diski za Marekani zilizotolewa tangu mwaka 2000 zina mtego: huichunguza deki, na zikigundua kuwa inakubali kanda zote, hugoma. Dawa yake ni deki inayoruhusu kuchagua namba kwa mkono, uiambie leo wewe ni ya 1 na kesho ni ya 5. Ndiyo niliyoichagua. Blu-ray ni habari nyingine. Kufuli lake ni gumu zaidi, na deki ya Blu-ray iliyofunguliwa kwa DVD haimaanishi imefunguliwa kwa Blu-ray.

Bei ilikuwa shilingi 85,000. Zile zinazoagizwa nje kwa jina la kutobagua kanda, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, zinaweza kufika mara kadhaa ya hiyo, na kwa idara kama yetu sioni haja. Na kwa mtu wa nyumbani ambaye tamthilia zake zote ziko kwenye flashi, na ambaye hana ndugu wa kumletea diski kutoka nje, sioni haja ya kununua yoyote. Abaki na fedha yake. Lakini maktaba, chuo, kituo cha utamaduni, chama cha wafanyakazi chenye makala za filamu kilizopewa na wenzao wa nje, hao wanunue, tena wasichelewe. Watengenezaji wanaacha; Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitatoa tena deki mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani, na zinazobaki madukani hazizidi kuwa bora. Deki moja ya akiba kabatini, mbali na unyevu wa pwani, si anasa.

Afisa ugavi wetu ni mtu mwadilifu na alinieleza kwamba taratibu zinadai bei kutoka kwa wazabuni watatu. Nilikuwa nayo ya mmoja, wa ghorofani, asiye na hati za zabuni. Wiki ya semina ya marudio ilikuwa inakaribia. Nikanunua kwa fedha yangu na risiti ninayo mezani, kwa yeyote wa idara atakayesoma hapa.

Tuliionyesha Alhamisi jioni. Walikuja wanafunzi wengi kuliko waliosajiliwa. Umeme ulikatika kwa dakika kumi, Diouana akiwa amepiga magoti sakafuni, na hakuna aliyeondoka. Ilipokwisha, yule mwanafunzi wa Unguja alibaki nyuma akaniuliza kama anaweza kuiazima diski aende nayo nyumbani mwisho wa wiki. Shangazi yake wa Maskati amerudi, miaka tisa ya jikoni kwa watu, na angependa waitazame pamoja. Nikampa. Alipofika mlangoni nikaikumbuka ile deki yao ya kanda ya 2. Nikamwita arudi, nikachomoa waya, nikampa na deki.